Papa Vital na Barabara Isiyo na Magari

Papa Vital ni mdogo wa baba yangu. Baba alifia katika kambi ya wakimbizi, kwa hiyo Papa Vital ndiye aliyetuleta Texas, mimi na wadogo zangu, pamoja na mke wake Mama Annonciata. Ana miaka arobaini na saba. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na ukimuuliza anasema ni madumu.

Kwetu Fizi, Kongo, baiskeli tunaiita kinga. Alianza kusukuma kinga akiwa na miaka tisa: madumu manne ya mawese, siku mbili kwenda sokoni Baraka, siku mbili kurudi. Barabara ilikuwa mawe na vumbi tupu. Gari lilipita mara moja kwa wiki, na likipita lilikuwa la wanajeshi, kila mtu anaingia porini. Vita ilipofika alimpakia bibi yangu juu ya kinga hiyohiyo, akamsukuma mpaka ziwani. Kambini Tanzania akabeba kuni za watu na magunia ya mahindi ya mgao, halafu akawa fundi, anaunga fremu kwa vyuma vya mahema.

Siku moja, tukiwa bado kambini, nilimsikia akimwambia Mama Annonciata, "Miaka yote hii, sijapandaka kinga bila muzigo. Hata siku moja."

Hapa alianza kwenye ghala, anapanga maboksi. Kazi ya baiskeli aliipata kwa bahati. Aliingia dukani Mansfield kununua tyubu, akamkuta fundi anahangaika na gurudumu lililopinda. Papa Vital akalichukua mikononi mwake bila kuomba, akalizungusha, akakaza spoku kwa jicho tu, akamrudishia. Mwenye duka, Bwana Hollis, alikuwa amesimama mlangoni na kahawa yake. Wiki iliyofuata Papa Vital akavaa aproni ya duka.

Alikwenda kazini kwa baiskeli, kando ya haiwei, kwenye njia ya pembeni ambako malori yanaingia na kutoka. Mwaka juzi kioo cha lori kilimgonga bega, akaanguka mtaroni. Lori halikusimama. Alifika kazini mkono umevimba, akafanya kazi mpaka jioni. Mama Annonciata alilia, akasema tutakuja kumwokota kwa koleo. Yeye akajibu, "Weye, nilipita katikati ya risasi, lori litaniweza?" Lakini tangu hapo niliona anavaa viatu taratibu asubuhi, kama mtu anayeitwa mahakamani.

Duka la Hollis linauza baiskeli za tairi pana, za kupita kwenye changarawe. Kila mwezi wa tano anawapeleka wateja wake Italia. Siku sita wanapanda baiskeli kupitia mashambani, kijiji hadi kijiji, kwenye barabara nyeupe za kokoto ambazo magari hayapiti. Fundi mmoja huenda nao. Anapanda nyuma ya wote, na kila jioni anarekebisha walichoharibu.

Oktoba Hollis akamwambia, "Safari ijayo fundi ni wewe."

Alirudi nyumbani na karatasi ya njia, ameikunja ndani ya kofia ili isilowe mvua. Akaibandika kwenye friji. Mimi ndiye niliyejua Kiingereza kidogo kuwazidi, basi kila jioni nilikuwa nasoma. Siku ya kwanza, kilomita arobaini na mbili, mashamba ya zabibu, hakuna magari. Siku ya pili, mlima mrefu, kanisa dogo juu, hakuna magari.

"Hapo soma tena," anasema.

"Hakuna magari, Papa."

Mama Annonciata alikuwa anakoroga fufu. "Bale bazungu banalipa juu ya kupanda kwenye mawe? Sisi tulikimbia mawe bure!"

"Banalipa."

"Basi tungekatisha tiketi kule Fizi. Tungekuwa matajiri."

Tulicheka wote. Papa Vital alicheka mpaka akakaa chini. Usiku huo hakuangalia mpira. Aliangalia video za ile njia kwenye simu, bila sauti, kisha akaongeza sauti, akaisogeza simu sikioni. Alikuwa anasikiliza kokoto chini ya tairi. "Hizi ni ndogo," akasema. "Hizi hazitoboi."

Sisi si raia bado, kwa hiyo hatuna pasipoti. Mkimbizi akitaka kutoka Amerika na kurudi, anaomba kwanza kijitabu cha safari, ndipo aombe viza. Novemba tulikaa mezani tujaze fomu. Kwa kawaida watu wetu wanapeleka fomu zao kwa Mwinjilisti Gelasius kanisani, ambaye amejaza za nusu ya Wakongo wa Fort Worth. Papa Vital alikataa. Alisema Gelasius ataitangaza safari kwenye mimbari kabla haijawa safari.

Tukafika penye tarehe ya kuzaliwa.

Kila mtu wa kambini anajua jambo hili. Ukifika bila karatasi, mwandishi anakupa tarehe moja Januari. Kanisani kwetu wanaume kumi na tisa wamezaliwa tarehe moja Januari, na mwaka mpya tunakata keki moja kwa wote. Lakini Papa Vital alikuwa na siku yake. Ilikuwa kwenye kadi ya ubatizo iliyoungua pamoja na nyumba, na bibi alimkumbusha hiyo siku mpaka alipokufa.

"Andika tarehe tisa Juni," akasema.

Nilimtazama. Grini kadi yake ya ukaazi ilikuwa mezani, karibu na kiwiko changu, na ilisema Januari.

"Karatasi zote nilizojaza zilikuwa za kukimbia," akasema. "Hii ni ya safari. Andika siku yangu."

Niliona. Nilijua hazilingani. Lakini kwetu mtoto hamwambii baba kwamba siku yake ya kuzaliwa si kweli, tena ile ambayo mama yake alimwachia. Niliandika tarehe tisa Juni kwa mwandiko mzuri.

Machi barua ikaja. Maelezo hayalingani, thibitisha kwa cheti cha kuzaliwa au omba upya, na kuomba upya ni kusubiri miezi. Niliisoma mara mbili. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kuna mahali kwenye barua wametaja jina la mtu wa kwenda kumwona. Hapakuwa na jina.

Miadi ya viza tuliyokuwa tumeshaiomba kwenye ubalozi mdogo wa Italia, Houston, ilikuwa bado ipo, Aprili. Akasema tutakwenda hivyohivyo. Kambini ndivyo ilivyokuwa: unafika mbele ya afisa, unaeleza, kesho unarudi unaeleza tena, mpaka anachoka na wewe anakupigia muhuri. Alain wa kwaya akatupeleka kwa gari lake, saa nne nzima. Njia yote alikuwa anamtania.

"Papa Vital, ukifika Italia, Roma iko karibu. Umwambie Baba Mtakatifu kwaya yetu inaomba kinanda."

"Sisi si Wakatoliki, Alain."

"Kinanda hakina dini, mzee."

Papa Vital alitabasamu. Magotini alikuwa na bahasha: barua ya Hollis, barua ya pastori, picha zake za kambini, cheti cha ufundi, hata ile karatasi ya njia aliyoibandua kwenye friji.

Dirishani alikuwepo mama mmoja mpole. Aliuliza kijitabu cha safari kiko wapi. Papa Vital akaanza kupanga karatasi zake moja moja kwenye kile kidirisha, na mimi nikawa natafsiri. Aliposikia "Juni" na "Januari" yule mama alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akasema bila kijitabu hana cha kufanya. Papa Vital akasema, "Mwambie mimi ni fundi, watu kumi na mmoja wa safari wananitegemea." Nikamwambia. Akasema anasikitika. Nyuma yetu mtu mwingine alikuwa ameshaitwa.

Tulitoka nje Alain akiwa bado anatafuta maegesho.

Hollis aliposikia alimshika bega, lile lililogongwa, akasema mwaka ujao bila shaka. Nafasi akampa shemeji yake, muuza nyumba, ambaye hajui kubadili tyubu bila kuibana. Kisha akamwomba Papa Vital afungashe baiskeli za wateja, kwa sababu hakuna mwingine anayezifungasha zikafika salama. Alizifunga zote kumi na moja. Alitoa pedali, akageuza usukani, akapunguza upepo, akaviringisha kila fremu kwa sponji kama anavyofungwa mtoto. Hakuna hata moja iliyokwaruzika. Hollis mwenyewe alisema.

Juni zikarudi. Ndani ya minyororo, ndani ya vishikio vya breki, chini ya viti, vumbi jeupe limeganda. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea chakula. Alikuwa amechuchumaa na brashi na ndoo, anaosha, na maji yakienda kwenye shimo la sakafu yalikuwa meupe kama ya unga.

Mteja mmoja, mama anaitwa Jessica, akaja kuchukua ya kwake. Ameungua jua, amefurahi.

"Vital! Ungeona! Siku nzima hakuna kitu. Hakuna gari, hakuna duka, mawe tu na vumbi. Huwezi hata kuwaza barabara kama hiyo."

Papa Vital akanitazama nimtafsirie, ingawa nadhani alikuwa ameelewa. Nikatafsiri yote, hata ya mwisho.

Akasimama, akafuta mikono kwenye aproni.

"Muulize," akasema, "kama anataka nibadilishe mnyororo. Mawe yameula."

Akataka. Papa Vital akaubadilisha, akaibeba baiskeli mpaka nje, akampakilia kwenye gari.