Mkwe Awashe Kiko

Hebu mwone Mageni anavyoingia kijiji kipya karibu na Segese, mwaka ule wa 1974 serikali ilipowahamishia watu vijiji vya ujamaa. Yuko mbele, mikono mitupu, kidevu juu, utadhani ndiye aliyetoa amri ya kuhama. Nyuma yake mkwewe Justa, mwenye mimba ya kwanza, kabeba mikeka, mtungi na kigoda cha bibi mkubwa huyo. Mwisho kabisa Bujiku, mume wa Justa, anaswaga ng'ombe huku akitazama miguu yake.

Mageni alikuwa mvutaji hodari, ila kuwasha kiko chake mwenyewe, thubutu! Kuinama jikoni ni kazi ya mkwe. Justa ndiye aliyeshindilia tumbaku, akaweka kaa la moto, akavuta mpaka kikolee, kisha akampelekea na kupiga magoti. Mara nane, mara kumi kwa siku. Akikohoa, Mageni huwacheka watu wa kwao.

"Watu wa Tinde hawa! Moshi tu unamshinda, mtoto atamweza?"

Mtoto akazaliwa mdomo wa juu umepasuka hadi puani. Kunyonya hawezi, Justa akawa anamkamulia maziwa na kumnywesha kwa kijiko.

"Umekula sungura wewe, mtoto akauchukua mdomo wake," Mageni akahukumu, akimpulizia kichanga moshi.

Kwenye zahanati, muuguzi Melania aliuliza nani anavuta nyumbani.

"Mke wangu havuti, Sista," Bujiku akawahi.

Justa akaeleza habari ya kiko. Melania akamsikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kuapa kuwa ni kiko. Midomo hii ina sababu nyingi, nyingine hatuzijui. Lakini wataalamu wanaushuku moshi. Ukipata mimba nyingine, usikiguse. Na huyu mpelekeni hospitali kubwa, atashonwa."

Akashonwa, akapona. Justa akapata mimba ya pili.

"Kiko!" Mageni akaita.

"Sikiwashi, mama. Nina mimba."

"Mimi nimezaa tisa na kiko mdomoni!" Wanne aliowazika wakiwa wachanga hakuwataja. "Bujiku! Ama mkeo awashe, ama arudi kwao leo. Mtoto anabaki."

Bujiku, dume lile la kujisifu kilabuni kwamba liliua fisi kwa rungu, likajikuna shingo.

"Justa, si mvuto mmoja tu? Mridhishe Mayu, mama yangu, yaishe."

Justa akamtia kiko mkononi. "Basi washa wewe."

"Mwanangu ainame jikoni?" Mageni akamaka.

Bujiku akabaki kasimama, mama huku, mke kule. Mpaka jikoni ni hatua tatu. Nawe niambie, msomaji wangu: muua fisi huyu alizimudu?