Nilivyowashukuru Wenye Kasino

Nilitoka Muleba kwenda Bukoba kucheza kasino kwa bajeti ndogo: nilale kwa dada yangu anayeishi mtaa wa Bilele na nile bure, maana niliambiwa wachezaji hulishwa. Kwenye hoteli yenye kasino hiyo niliingia ukumbi wa kwanza, suti imenyooka, kifua mbele. Nikaketishwa meza ya mbele, nikaletewa ndizi na samaki. Nikajisemea, hawa wanajua mtu wa maana wakimwona.

Mshereheshaji akanipa kipaza sauti. "Mzee wetu, tupe neno."

Nikasimama kwa madaha. "Nawashukuru wenye kasino kwa chakula. Nikishashiba, kamari naianza mara moja!"

Binti aliyevaa gauni la kumeremeta akainuka, akasema kwa upole, "Baba, kasino ni mlango unaofuata. Hapa wazazi wangu wananiaga, naolewa."