Mkataba wa Miezi Kumi na Moja

Kwa miaka ishirini na mbili Shaila Bhosekar alitunza hesabu za kampuni ya makubazi mjini Kolhapur, India, na hakuwahi kumkatalia mwenye kampuni, Bwana Nandkishor. Siku ile alimkatalia.

Maduka yao yote saba yalikuwa ya kupanga. Kwa desturi ya mji, mkataba huandikwa wa miezi kumi na moja, ukiisha huandikwa mwingine, ili kukwepa gharama za kuusajili. Miaka yote kodi iliingizwa vitabuni kama matumizi ya mwezi tu. Lakini kanuni mpya ya uhasibu ilisema: mkataba usiofika mwaka husamehewa, ila ukijua huhami, kodi ya miaka ijayo nayo ni deni, lionyeshwe. Na kampuni ilikuwa inaomba mkopo benki.

"Dada Shaila, kumi na moja haifiki mwaka. Hata mjukuu wangu anajua."

"Bosi, duka la sokoni tumekaa tangu enzi za marehemu baba yako. Juzi umeweka rafu za msaji, mbao ghali za kudumu. Mtu wa kuhama huweka msaji?"

"Benki wakitunyima, mshahara wako nikulipe makubazi?"

"Nitayavaa."

Bosi hakucheka. "Basi hesabu hizi atazitia saini mwingine."

Shaila alimwachia kitabu mezani, deni la miaka mitano limeandikwa kwa kila duka, akaenda nyumbani. Binti yake alishtuka, akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mwanangu."

Akaketi kuchambua dengu, maana hakujua mikono yake huwa inafanya nini saa nane mchana.