Goli Nililomsimulia Mke Wangu

Tiketi ile niliinunua kwa fedha za kitambaa cha buibui la mke wangu. Mwenyewe ndiye aliyenipa. "Nenda, ukirudi utanisimulia," aliniambia. Timu yangu ya Bara huja Unguja mara moja kwa mwaka, na kiingilio kinapandishwa utadhani wachezaji wanakuja kutujengea nyumba.

Nilitoka Bububu mapema, nikafika uwanjani jua halijatua. Ilipoadhiniwa Magharibi, sisi wenye tiketi tukaenda kusali msikiti wa jirani, roho kwatu, maana nafasi zetu tulikwisha kuzilipia. Tuliporudi tukakuta geti limefungwa. Askari akatwambia uwanja umejaa, na kweli ulijaa: jamaa za wakubwa na marafiki wa walinzi waliingizwa bure wakati sisi tumesujudu. Nilimtukana yule askari, na udhu wangu haujakauka. Goli nililisikia tu, watu wakipiga kelele upande wa pili wa ukuta.

Nyumbani mke wangu alinitengea chai, akakaa kitako. "Haya, nisimulie."

Niliona aibu kusema kweli. Nikamwambia shuti lilipigwa kutoka mbali, kipa akaruka, wavu ukatikisika. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

"Lilikuwa la kichwa," alisema. "Nshalitazama kwa jirani, kwenye televisheni. Na wewe walikuonesha, umeng'ang'ania nondo za geti, tiketi mkononi."