Sista Rebeka na Kadi za Kazi Nyepesi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Sista Rebeka hakunionyesha kabati la dawa. Alinipeleka kwanza kwenye mteremko, tukasimama kwenye manyunyu tukiwatazama wanawake wakichuma chai. "Kabla hujamtibu mtu, jua kazi inayomleta kwako," akasema.

Nilikuwa nimetoka kwetu Roret na cheti kipya cha uuguzi. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kusimamia zahanati ya shamba lile. Waliomtangulia waligawa vidonge na kurudisha watu kazini. Rebeka alianzisha kliniki ya wajawazito na kadi ya kazi nyepesi, karatasi ya kumtoa mama kwenye kuchuma na kumpeleka kitaluni kupalilia miche. Meneja hakuipenda. "Sista, hii ni kampuni, si wodi ya akina mama," alimwambia mbele yangu.

Msimu mmoja majani yalikuwa mengi, meneja akaamuru kadi zote zifutwe. Wiki hiyohiyo Akinyi, mchumaji aliyetoka upande wa ziwa, aliyerudishwa kuchuma akiwa na mimba ya miezi minane, alianguka kati ya mistari ya chai akitetemeka mwili mzima. Kilikuwa kifafa cha mimba: presha hupanda mpaka mama anashikwa na degedege. Tulimchoma sindano ya kutuliza, lakini alihitaji upasuaji hospitalini, na gari letu la zahanati lilikuwa limetumwa kuwatembeza wageni kiwandani. Dereva wa pikapu ya meneja alisema hana ruhusa.

"Ruhusa nakupa mimi," Rebeka akamjibu. "Washa gari, ama uniachie funguo."

Akawasha. Akinyi alipona. Mtoto alitolewa akiwa amekufa.

Siku ya tatu meneja alituita ofisini. Alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa tayari, ikisema Akinyi hakuwahi kuhudhuria kliniki.

"Nimempima presha mara nne kwa mikono yangu," Rebeka alisema. "Siweki sahihi kwenye uongo."

Mimi niliweka.

Kwa sahihi yangu Rebeka akaonekana mwongo; alifutwa kazi, akapewa siku mbili kuhama nyumba ya kampuni. Cheo chake nikapewa mimi. Wachumaji ndio waliokuwa na ujasiri: waliweka vikapu chini siku tatu mpaka kadi zikarudishwa. Baadaye meneja aliwahutubia wageni akisema kwamba kampuni imewajali akina mama tangu zamani. Nilikuwa nimesimama kando yake na kofia yangu nyeupe, nikapiga makofi.

Niliwahi kwenda kwa Rebeka, kijijini Sigowet, kuomba msamaha. Alinipa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Akinyi je, umemwuliza?"

Sikumwuliza. Alikuwa amesharudi kwao.

Nimestaafu sasa, na hasira haijastaafu. Wauguzi wachanga huniambia kadi ile ililetwa na kampuni. Hapana. Ililetwa na Rebeka, na wakati kampuni ilipomfukuza, mimi ndiye niliyewapa karatasi ya kumfukuzia. Andikeni hivyo.