Jogoo wa Chumba cha Wageni

Dawlat alifuga kuku juu ya paa la nyumba, kama wanawake wengi wa kijiji chetu karibu na Mansura, Misri. Mwaka jana alipewa kuku wa zawadi, akamchanganya na wake, na ugonjwa wa kideri ukawafagia wote. Kuku wa safari hii, waliokwisha kuchanjwa, walikuwa wa karamu ya harusi ya bintiye Nagla.

Basi wifi yake Ihsan akaja kukaa mpaka siku ya harusi, kwapani ana jogoo wa zawadi aliyemnunua sokoni. Kumkataa jogoo kungekuwa kuutukana ukoo mzima.

"Ngoja nimpandishe akawaone wenzake," Ihsan akasema, mguu tayari ngazini.

"Ala, wifi! Mgeni wa heshima nimtupe paani? Atakaa chumba cha wageni wiki mbili. Asipougua, atapanda."

"Chumba cha wageni? Na mimi nilale wapi?"

"Humo humo. Si mmekuja pamoja?"

Jogoo akapewa kiti chenye nakshi za dhahabu, kikatandikwa gazeti. Alfajiri akawika, Ihsan akakurupuka kitandani. Alfajiri iliyofuata akawikia juu ya mto wake, karibu kabisa na sikio.

Asubuhi hiyo Ihsan aliingia jikoni, jogoo mkono mmoja, kisu mkono wa pili. "Dawlat, leo tunapika mboga ya mulukhia kwa supu ya jogoo."

"Jamani, mgeni wangu!" Dawlat akasikitika. Sufuria ya maji ilikuwa inachemka tangu alfajiri.