Kicheko cha Fundi Viatu

Pale sokoni Machakos, fundi viatu alicheka daima baada ya wenzake. Alizitazama nyuso kwanza, kisha akacheka akijipiga goti.

"Fundi, mbona kicheko chako kinachelewa, kilipanda gari kutoka Kathiani?" Mbithe, muuza chai, alizoea kumtania, na wote wakaangua kicheko upya.

Asubuhi moja Mbithe aliwaeleza kwamba mamake amefariki, huku akitabasamu ili asilie. Fundi akacheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, alizitazama nyuso tena, akaweka nyundo chini.

"Nisamehe, mama. Masikio yangu yaliisha kitambo. Mimi hufuata meno yenu tu."

Tangu siku hiyo alikunywa chai akiwapa wenzake mgongo. Siku moja Mbithe alimpelekea kikombe mwenyewe, akasimama mbele yake, akarudia ule mzaha wa gari polepole. Fundi hakuinua macho; alitazama kiatu alichokuwa akishona.